Burundi: Injini ya mwaka mwingine katika lori kuukuu, nafuu yenye masharti

Uhaba wa fedha za kigeni nchini Burundi, ambao wengi wanaupima kwa urefu wa foleni kwenye vituo vya mafuta, unawabana pia wenye malori. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu, BRB, ilishusha thamani ya faranga, na mwezi Julai Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 271. Hata hivyo dola ziliendelea kuadimika, na kuagiza lori jipya kumekuwa mzigo mzito kwa mfanyabiashara wa kawaida.

Injini inapokufa, njia iliyo karibu ni kufunga nyingine iliyotumika, hata kama ni ya toleo la mwaka tofauti. Kwa eneo kama Musaga, kusini mwa Bujumbura, jambo hili si la mafundi peke yao. Barabara ya kitaifa nambari 7 inapita hapo kuelekea Ijenda, ikipanda kutoka mita zisizofika 800 kando ya Ziwa Tanganyika hadi zaidi ya mita 2,000. Malori yanayoteremsha vyakula mjini hupita katikati ya makazi ya watu.

Ugumu wa kiufundi

Injini mbili za kampuni moja zaweza kufanana kwa umbo na kutofautiana kwa utendaji. Kwa mfano, injini ya 4D33 ya Mitsubishi Fuso Canter hutumia pampu ya kimakanika. Ile ya 4M50, iliyokuja baadaye, huongozwa na kompyuta. Anayeihamisha hana budi kuhamisha pia nyaya, vihisio na kompyuta yake, na kuhakikisha kuwa inaingiliana na gia boksi na rejeta.

Hatari kubwa zaidi ni breki. Injini yenye nguvu zaidi humshawishi mwenye lori kuongeza shehena, ilhali breki na chasisi ni zile zile. Kwenye mteremko, uzito huo hauna wa kuuzuia.

Karatasi nazo zina uzito

Nambari ya injini ni sehemu ya utambulisho wa gari. Isipolingana na hati, dereva hujikuta mashakani kizuizini, na kampuni ya bima hupata sababu ya kupinga malipo baada ya ajali. Anayeumia ni majeruhi wa barabarani, ambaye hakushiriki katika ununuzi huo.

Kuzuia ubadilishaji huu kabisa kungeyaegesha malori mengi na kupandisha bei ya vyakula. Lililo ndani ya uwezo wa serikali ni kurahisisha usajili wa injini mpya, na kulipima upya lori, breki kwanza, kabla halijarudi barabarani. Rahisi ni ghali, wahenga walionya, na gharama hii si ya mwenye lori peke yake.