Mkwawa Halikuwa Jina la Ukoo

Hapa Mafinga jina hupimwa kabla ya mwenye jina. Shuka stendi, taja jina lako la mwisho, na anayekusikiliza atakuwa ameshakupangia kabila, wilaya na hata kazi. Sanga? Huyo Mkinga wa Makete, lazima ana duka. Jina linaanza na Mwa-? Mnyakyusa, ametoka Rungwe au Kyela. Kalinga, Mgimwa? Hao wenyeji. Na jina lisipojulikana kabisa, hukumu huja haraka zaidi: ni mtu wa kuja, au ukoo wake umebaki watu wa kuhesabika na unaelekea kwisha.

Hukumu hiyo ya mwisho nimeisikia kwa watu wenye heshima zao: wazee kwenye misiba, walimu, vijana wanaotafuta asili yao kwenye simu. Siku hizi zipo tovuti zinazodai kujua jina fulani lina watu wangapi duniani. Kijana anaandika jina la babu yake, anaoneshwa idadi ndogo ya kusikitisha, kisha anakuja kwako na huzuni ya kweli: "Baba mdogo, kumbe sisi tunakwisha." Nami nasema hapana, hatukwishi. Uchache wa jina kwenye karatasi, kwetu huku, mara nyingi hausemi lolote kuhusu idadi ya watu wa ukoo. Unasema jinsi tulivyoandikwa.

Nichukue jina ambalo kila mtu wa mkoa huu analijua, la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wapo wanaosema ukoo wa Mkwawa umepukutika, na ushahidi wao ni mmoja tu: wanaoitwa Mkwawa ni wachache. Ni kweli kwamba ni wachache. Lakini Mkwawa halikuwa jina la ukoo hata siku moja wakati mwenyewe yu hai. Utotoni aliitwa Ndesalasi. Alipokuwa mtu mzima na mtawala alijipa mlolongo wa majina ya sifa, na katika hayo likashika Mkwavinyika, yaani aliyetwaa nchi nyingi, ambalo kwa kufupishwa likawa Mkwava, kisha Mkwawa. Baba yake alikuwa Munyigumba, aliyeziunganisha tawala ndogo ndogo za nyanda hizi na kufariki mwaka 1879. Ukoo wao ni wa Muyinga. Ukiandika jina lake kwa ukamilifu linakuwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, na hapo kila kitu kiko mahali pake: lake mwenyewe, la baba yake, la ukoo.

Sasa mtazame mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa chifu wa Wahehe na baadaye Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi hadi 1994. Adam ni jina lake. Sapi ni baba yake. Mkwawa ni babu yake. Muyinga hayumo. Jina la ukoo limetoka nje na jina la sifa la mtu mmoja limekaa kwenye kiti chake, kwa sababu nafasi ya tatu ilikwenda kwa babu, kama ilivyo desturi ya wengi wetu hadi leo. Kwa hiyo jina la Mkwawa kama jina la familia halikuanza na Mkwawa, lilianza na watoto na wajukuu wake, katika karne ya ishirini.

Naelewa kwa nini liligandia hapo. Jina lililopita katika moto wa namna ile haliachwi kirahisi. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akafia hapohapo. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Miaka minne akawindwa porini, na tarehe 19 Julai 1898, akiwa Mlambalasi, akajipiga risasi ili asikamatwe. Wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga vita kuu vya dunia, una kifungu, cha 246, kinachodai fuvu lake lirudishwe. Likarudi mwaka 1954, na leo lipo kwenye makumbusho ya Kalenga. Mtu ambaye babu yake ametajwa kwa jina katika mkataba wa mataifa, jina gani lingine angeandika?

Lakini angalia matokeo yake kwenye hesabu. Mkwawa alikuwa na ndugu. Mmoja wao, Mpangile, Wajerumani walimsimika kuwa mtawala, kisha wakamuua mwaka 1897. Mpangile alikuwa wa Muyinga sawasawa na kaka yake. Wazao wa ndugu wa aina hiyo hawana sababu ya kuitwa Mkwawa, maana Mkwawa si babu yao. Wengine wanaandika Muyinga, wengine Mwamuyinga, wengine jina la babu aliyebatizwa au kusilimu. Ukihesabu Mkwawa peke yake umehesabu tawi moja la mti, tena sehemu tu ya tawi hilo, kisha unatangaza kwamba mti umekauka.

Tahajia nayo inakula hesabu. Wajerumani waliandika Quawa. Wengine wamebaki na Mkwava, karibu zaidi na matamshi ya Kihehe. Mashine inayohesabu majina inaona watu wa koo tofauti. Na hili si la wakubwa tu. Jina lenye ng' linapoteza king'ong'o chake kwa karani mmoja na kukirudisha kwa mwingine. Jina linaloanza na Mu- kwa baba linaanza na M- kwa mwanawe. Ndugu wa tumbo moja wanaandikwa namna mbili, na kila anayefuatilia mirathi anajua kiapo cha majina mawili mtu mmoja kinavyogharimu muda na nauli.

Kuna jambo jingine ambalo hata wenyeji wengi wamelisahau. Katika Kihehe cha zamani jina la ukoo halikufanana kwa mwanamume na mwanamke. Masimulizi ya asili ya watawala wetu yanaanza na mwindaji, Mufwimi, aliyefika Ng'uluhe akifuata nyama, akampenda binti wa mtawala wa pale. Mtawala ni Mwamduda. Binti ni Semduda. Mtoto waliyempata ndiye Muyinga. Mwamduda na Semduda: ukoo mmoja, nyumba moja, majina mawili, la kiume kwa Mwa- na la kike kwa Se-. Shule na ofisi zilipokuja, mabinti wengi waliandikwa kwa jina la kiume la baba zao, na wachache waliobaki na Se- yao leo wanaonekana kama wana jina la ajabu lisilo na wenzake. Ukienda Tanga utakuta Se- na She- tena, lakini kwa Wasambaa She- ni "baba wa", jambo tofauti kabisa. Mtu asiyejua anaweza kumhamisha mwanamke wa huku kwetu Mufindi akampeleka Lushoto kwa silabi moja.

Siku moja nilikaa foleni ya kuandikisha mtoto, asubuhi ya ukungu ule wetu, watoto wamefungwa khanga juu ya masweta na kofia za sufu zimewafunika hadi nyusi. Mbele yangu alikuwa mama kijana. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wadogo huandikwa kwa mkono, na mwandikishaji alikuwa na mwandiko mzuri, wa taratibu.

"Dada, jina la tatu la mtoto?"

"Baba yake anaandika Yohana."

"Yohana ndiye babu?"

"Ndiyo, babu yake."

"Na ukoo wenu?"

Yule dada akanyamaza kidogo, akasema, "Ngoja nimuulize mama mkwe." Akapiga simu, akaweka sauti ya nje kwa sababu mtoto alikuwa mkononi. Bibi akalitaja jina la ukoo mara mbili, kwa herufi zake, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Lakini kalamu ilikuwa imeshapita, Yohana lilikuwa limekauka kwenye karatasi, na foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Hakuna aliyekosea pale. Mtoto yule atakwenda shule, atapiga kura, ataoa, atazikwa kwa jina la Yohana, na ukoo wake utakuwa umepungukiwa na mtu mmoja kwenye karatasi bila mtu yeyote kufa.

Simama mbele ya orodha ya wapiga kura inayobandikwa ukutani wakati wa uchaguzi, hapa Kinyanambo au Changarawe, uifuate kwa kidole. Utawakuta Sanga wengi, Chaula, Mahenge, Kalinga, Luvanda. Katikati yao yupo, tuseme, Petro Daudi Yohana, na chini kidogo Juma Ally Salum. Hao wawili wanaweza kuwa wenyeji kuliko sisi wote, wamezaliwa hapa na babu zao wamezikwa hapa. Ukoo wanao. Umejificha nyuma ya babu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, lakini haikutoa jedwali la majina ya koo, kwa hiyo anayekupa idadi ya watu wenye jina lako ameitoa kwenye orodha za aina hii, ambamo ukoo na babu vimechanganywa kwenye safu moja.

Mji wetu wenyewe enzi za Mwingereza uliitwa John's Corner. Jina hilo limetoweka, na hakuna anayesema watu wa hapa walikwisha.

Natambua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Jina linabeba kitu. Ukikutana na Sanga hapa Mafinga na kukisia Makete, mara nyingi utapatia. Kukisia si kosa. Kosa ni kukigeuza kisio kuwa ushahidi. Chukua hiyo Mwa- ambayo kila mtu anaitundika kwa Wanyakyusa. Tumeshaiona kwa Mwamuyinga na Mwamduda, huku Uhehe. Ipo kwa Wandali wa Ileje. Ipo Karonga, kaskazini mwa Malawi. Vuka kaskazini hadi Kenya, utawakuta Wataita na Wadigo wenye majina ya Mwa-, akiwemo aliyekuwa waziri wa nchi hiyo, Chirau Ali Mwakwere. Hakuna aliyetoka Tukuyu kati yao.

Wala kufanana kwa jina si udugu. Wangoni walipovuka mto Zambezi mwaka 1835 na baadaye kufika Songea, mateka waliingizwa katika koo za waliowateka na kupokea majina yao. Leo watu wawili wenye jina moja la Kingoni wanaweza kuwa na asili mbili zilizo mbali kwa maelfu ya kilomita. Wahehe wa zamani walilijua tatizo hili, ndiyo maana walipotaka kuoana hawakuuliza jina tu. Waliuliza mwiko: kwenu hamli nini? Mnyama au chakula kinachokatazwa kwenye ukoo kilirithiwa kwa baba, nacho hakikuandikwa na karani yeyote, kwa hiyo hakikuharibiwa na karani yeyote. Bibi anayeujua mwiko wa kwao ana ushahidi mzito kuliko tovuti yoyote.

Nasisitiza haya kwa sababu yana madhara kwa watu. Familia za Ileje na Kyela zina ndugu ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, kwa sababu mpaka ulichorwa juu ya watu waliokuwa wamekaa tayari. Mtu wa Ileje au Kyela akija kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au kupasua mbao Sao Hill na jina lisilozoeleka, halafu akaambiwa "hilo jina si la Tanzania", ameumizwa kwa jambo lisilo na msingi wowote. Uraia hauna silabi zake. Na mjane anayefika kwenye kikao cha ukoo na cheti chenye jina la babu badala ya la ukoo, akaambiwa mtoto wake si wa pale, anapoteza shamba kwa sababu ya safu ya tatu ya fomu.

Wanaotengeneza fomu wanaweza kulimaliza hili kwa nafasi moja zaidi: jina la babu mahali pake, jina la ukoo mahali pake. Hadi hapo kazi ni yetu. Kama una mtoto ambaye hajaandikishwa, usiende na jina lililo kwenye kitambulisho chako peke yake. Uliza ukoo, uliza unavyoandikwa, uliza binti wa ukoo huo anaitwaje. Andika kwenye kipande cha karatasi ukiweke ndani ya kadi ya kliniki. Na mpigie bibi simu kabla hujafika dirishani.