Kasomea Viti? Ndiyo, Kasomea Viti. Shida Iko Wapi?

Wadau, kama juzi ulikuwa bize na mishe zako, basi umepitwa. Kuna staa mmoja wa kike, simtaji maana timu yake hailali, alitupia video akituonyesha sebule mpya. Sofa ya kona, meza ya kulia ya watu nane, kabati la TV linalogusa dari, vyote mninga mtupu. "Hapa hakuna mchina," akasema huku anagonga meza kwa kucha. Komenti zikawaka moto na makopa mpaka simu zikachoka.

Sasa katikati ya sifa hizo akaingia dada mmoja, naye simtaji, ambaye kwenye wasifu wake kaandika anasomea ubunifu wa fanicha, upande wa uendelevu na maadili. Akauliza kistaarabu kabisa: "Hongera dada, sebule nzuri. Hivi mninga huu umetoka msitu gani? Na fundi ni nani, tumjue?"

Basi. Maswali mawili tu. Kilichomkuta hapo ni Mungu anajua.

"Wivu." "Mninga unatoka msituni, ulitaka utoke baharini?" Halafu ile iliyopigwa laiki kuliko zote: "Yaani mzazi kauza shamba mtoto akasomee viti!" Staa mwenyewe akaweka vikatuni vya kucheka. Mpaka jioni yule dada alikuwa kafunga akaunti.

Mimi leo natoa povu, na mtanisamehe. Kwenye posti nzima ile, aliyeuliza kitu cha maana ni yeye peke yake.

Tuanze na mninga wenyewe. Mninga si kama mtiki, kwamba unapanda shamba unarudi kuvuna. Mche wake miaka ya mwanzo unakufa juu kila kiangazi, unachipua tena kutoka kwenye mzizi, unakufa tena, mpaka mzizi upate nguvu. Kufikia unene wa kupasua mbao ni miongo mingi. Mti unaokatwa leo huenda uliota kabla babu yako hajazaliwa. Ndiyo maana mninga unaouona mjini karibu wote unatoka misitu ya asili.

Mwaka 2022 nchi za dunia zilikutana Panama chini ya CITES, ule mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikaingiza mininga na mikongo ya Afrika kwenye Kiambatisho cha II. Haimaanishi ni haramu. Inamaanisha gogo au mbao yake ikivuka mpaka iwe na kibali kinachoonyesha imevunwa kihalali na kwamba biashara hiyo haiumalizi mti. Yaani dunia nzima imekalia kikao mti wa meza ya staa wetu, halafu sisi tunamwambia dada wa watu "wivu".

Na hapa nyumbani utaratibu upo. Mvunaji awe na leseni, gogo ligongwe nyundo, mzigo utembee na hati ya kusafirishia. Shida ni pale karatasi inapokosekana na watu wanaangalia pembeni. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu magogo ya kusini mwa Tanzania, likakadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo yangekusanywa kwenye mbao za misitu ya asili yalikuwa yanapotea. Ripoti ni ya zamani, najua. Lakini somo lake halijazeeka: mbao isiyo na karatasi ni zahanati ya kijiji iliyoishia mfukoni kwa mtu.

Na msiseme haiwezekani. Kule Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, na ikawa misitu ya asili ya kwanza Afrika inayosimamiwa na jamii kupata cheti hicho. Wanakijiji wanapima miti, wanaamua wakate mingapi, wanauza wenyewe, hela inarudi kijijini. Huko "kusomea viti" mnakokucheka ndiko huku: kuifuata mbao kutoka kwenye kisiki mpaka sebuleni, na kuuliza kila kituo nani kalipwa na nani kaumia.

Tuje kwenye swali la pili, maana nadhani ndilo lililouma. Fundi ni nani?

Wiki hiyohiyo nilipita Keko. Nikamuonyesha fundi mmoja ile video. Akacheka, akafuta vumbi usoni, akaniambia, "Mdogo wangu, hawa tunawajua. Anakuja anakwambia nitengenezee, nitakutagi. Tagi hainunui msumari." Akanihadithia kitanda alichomtengenezea mtu mwenye wafuasi kibao. Alipewa kianzio, iliyobaki mpaka leo ni "nitakucheki". Siku kitanda kinapostiwa, maelezo yanasema kimetoka Dubai.

Pembeni yetu kijana anapiga msasa, uso mweupe kwa unga wa mbao, puani hana hata kitambaa. Vumbi la mbao liko kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililiweka huko tangu 1995. Kijana hajui, na hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa neno "maadili" linaonekana kubwa ukilisoma kwenye wasifu wa mtu, ila pale Keko maana yake ni ndogo sana: mlipe fundi hela yake yote, taja jina lake, na kijana apate barakoa.

Najua kuna mtu anasema, "Mimi nimepanga chumba kimoja Mbagala, hizo habari za misitu nitazitoa wapi?" Uko sahihi, na hakuna anayekulazimisha mninga. Hata MDF si dhambi, ni nyuzi za mbao zimeshindiliwa na gundi. Ila jua unanunua nini. Gundi yake mara nyingi ina formalidehaidi, nayo imo kwenye kundi lilelile la saratani, kwa hiyo kabati jipya linalonuka mpaka macho yanawasha lipe hewa, usilifungie chumbani na mtoto. Halafu likinywa maji limevimba, limekwisha. Ukihama nyumba mara tatu unalitupa, unanunua lingine. Hesabu hizo kabati tatu uone kama ulinunua cha bei rahisi kweli.

Njia zipo. Kuna mtiki wa mashamba, kama wa Longuza kule Muheza. Kuna paini za Sao Hill, Mufindi. Kuna fanicha za mtumba. Na kuna ile ambayo wazazi wetu waliijua bila chuo: sofa ikichoka unaita fundi, fremu inabaki, unabadilisha sponji na kitambaa, maisha yanaendelea.

Na tafadhali msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Nenda Lamu au Zanzibar ukaangalie kiti cha enzi. Mbao nyeusi, kamba zilizosukwa, na nakshi za pembe. Pembe ya tembo hiyo. Na enzi zile pembe na watumwa walitembea njia moja kutoka bara. Labda ndicho kiti kizuri kuliko vyote pwani hii, lakini ukiuliza kimetoka wapi, unanyamaza kidogo. Swali la yule dada lina umri kuliko Insta.

Ila na wewe dada yangu, popote ulipo, nikuambie ukweli. Usiishie kwenye slaidi za darasani na komenti za mastaa. Nenda Keko. Fundi anaijua mbao kwa kuinusa, ila karatasi zinamchanganya. Wewe karatasi unazijua. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka anayepeleka mbao na fanicha kule aonyeshe hazikutoka kwenye msitu uliofyekwa baada ya 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele, lakini mlango unakuja kufungwa, na mafundi wetu watahitaji mtu wa kuwaonyesha ufunguo. Huyo mtu anaweza kuwa wewe. Fungua akaunti yako.

Na wewe staa wetu, sebule ni nzuri, sijakataa. Lakini jibu maswali mawili yale. Kama mbao zina karatasi na fundi kalipwa, inakugharimu nini kusema? Mtagi huyo fundi baada ya kumlipa. Watu wako wote wale, akipata oda kumi tu umembadilishia mwaka.

Sisi wengine, siku tukienda kuchukua kitanda, tuulize: mbao gani hii? Risiti yake ipo? Ikivunjika, inatengenezeka? Fundi akikujibu vizuri, usimlalie bei mpaka akulaani.

Haya, nimemaliza. Wewe ungemjibuje yule dada? Tupia maoni hapo chini, ila matusi acheni kwenu.