Chaga za Magunia: Usitazame Bei Peke Yake



Mahindi umekwisha kuyavuna. Umeyapukuchua na kuyatia katika magunia. Sasa utayaweka wapi? Katika nyumba nyingi huku kwetu Ipogolo na vijiji vya jirani, magunia hulazwa chini sakafuni. Hiyo ni hasara.

Sakafu hupitisha unyevu, hata ikiwa ya saruji. Unyevu huingia katika gunia la chini, na mahindi huota ukungu. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Karibu watu 20 walikufa.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, kausha mahindi vizuri. Pili, yapange juu ya chaga. Chaga ni kama kitanda cha magunia. Hewa hupita chini yake, na unyevu haufiki kwenye nafaka. Wenye maghala huiita pia paleti.

Ziko aina nne.

1. Chaga ya mianzi au fito. Hii unaitengeneza mwenyewe. Kata mianzi iliyokomaa, uikaushe, kisha uifunge juu ya magogo mafupi. Gharama yake ni jasho lako na kamba. Ubaya wake ni kwamba wadudu huitoboa upesi.

2. Chaga ya mabanzi. Mabanzi ni vipande vya pembeni vinavyobaki gogo linapopasuliwa. Hupatikana kwenye viwanda vya mbao vya Mufindi, karibu na msitu wa Sao Hill. Mabanzi ni rahisi kuliko mbao. Lakini Mafinga ni kiasi cha kilometa 80 kutoka Ipogolo. Ukienda peke yako, gharama ya gari itakumaliza. Nendeni majirani kadhaa, mkodi gari moja. Kabla ya kuyatumia, bandua magamba yote, maana wadudu hujificha humo.

3. Chaga ya mbao mpya. Waulize wauza mbao na maseremala wa Ipogolo na wa mjini Iringa. Chaga ya sentimita 120 kwa 100 inataka mbao tatu za futi 12. Moja iwe ya inchi 2 kwa 4. Ikate vipande vitatu vya meta 1. Hivyo ndivyo miguu. Isimamishe kwa ubavu ili chaga iinuke inchi 4 toka sakafuni. Mbao mbili ziwe za inchi 1 kwa 6. Zitatoa vipande sita vya sentimita 120. Vitano vinatosha, kimoja ni akiba. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya ubao na ubao. Misumari ni 30.

4. Chaga kuukuu za maghala. Waulize wenye maghala na maduka makubwa mjini. Lakini uwe mwangalifu. Uliza ilibeba nini. Kama ilibeba dawa za wadudu au kemikali, iache. Kama ina harufu au madoa ya mafuta, iache. Chaga zitokazo nchi za nje huwa na muhuri. Herufi HT maana yake mbao zilitiwa joto. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu. Usichukue yenye MB.

Sasa tupige hesabu. Huu ni mfano tu. Wewe weka bei uliyopewa.

Tuseme chaga ya mbao imekugharimu shilingi 24,000. Inabeba magunia 8, yaani mawili mawili kwa ngazi nne. Gawanya 24,000 kwa 8. Kila gunia ni shilingi 3,000. Chaga ikidumu miaka 6, kila gunia ni shilingi 500 kwa mwaka.

Tuseme chaga ya mianzi imekugharimu shilingi 6,000, nayo inabeba magunia 8. Kila gunia ni shilingi 750. Ikidumu mwaka mmoja, ni ghali kuliko ile ya mbao. Ikidumu miaka miwili, kila gunia ni shilingi 375 kwa mwaka. Hapo ni rahisi.

Umeona? Bei ya kununulia haitoshi. Uliza pia itabeba magunia mangapi, na kwa miaka mingapi. Kisha uliza gunia moja la mahindi linauzwa bei gani. Likioza gunia moja, umepoteza kiasi gani?

Tunza chaga yako. Usiipake oili chafu, maana itaingia katika chakula. Iweke juu ya matofali ya kuchoma, ili uone njia za mchwa mapema. Acha nusu meta kati ya magunia na ukuta. Kila mwaka kabla ya mavuno, itoe nje, ifagie na kuianika juani. Mdudu dumuzi hutoboa hata mbao. Huyu alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchini. Hujificha katika mbao za ghala akingojea mahindi mapya.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kijiji chenu, ni chaga ya aina gani iliyo rahisi kupatikana?
2. Je, mnaweza kukodi gari kwa ushirika?
3. Una magunia 24. Unahitaji chaga ngapi?

Kazi njema.

Ni mimi Bwana Shamba wenu,
Ipogolo, Iringa.