Si Kila Kamasi ni Homa

Sisi Wakenya tumelitwika neno homa mzigo usio wake. Mwenye malaria ana homa, mwenye mafua ana homa, na mtoto anayepiga chafya kila alfajiri mwaka mzima pia twasema ana homa. Naamini kwamba mkanganyo huu unawagharimu wazazi pesa na watoto afya yao.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Binti yangu alikuwa akiamka kwa chafya mfululizo, makamasi mepesi kama maji yakimtiririka, macho na kaakaa vikimwasha. Ifikapo saa nne hali ilitulia. Mara tatu katika muhula mmoja niliuziwa dawa za kuua bakteria, bila kuulizwa swali lolote. Hazikufaa kitu. Hatimaye tabibu mmoja aliutazama mkunjo mdogo juu ya pua yake, alama ya mtoto anayeisugua pua kwa kiganja kila mara, akaniambia kuwa huo ni mzio: mwili wake unapigana na vitu visivyowadhuru wengine.

Dalili hujieleza kwa anayezichunguza. Mafua ya virusi aghalabu huisha katika siku 10 hivi. Mzio wa pua hauleti joto la mwili, na humrudia mgonjwa kila akutanapo na kichochezi: vumbi la kitandani na vijidudu vyake visivyoonekana kwa macho, paka, kuvu za ukutani, au chavua ya nyasi. Mwongozo wa kimataifa wa ARIA wa mwaka wa 2001 ulieleza kwamba ukimsumbua mtu zaidi ya siku 4 kwa juma, kwa zaidi ya majuma 4 mfululizo, basi ni wa kudumu.

Wapo watakaosema kwamba chafya haijaua mtu. Lakini mtoto aliyezibwa pua usiku kucha husinzia darasani, naye mwalimu humwita mvivu. Tena mzio wa pua na pumu ni ndugu. Mmoja akipuuzwa, mwenziwe huzidi. Nazo dawa za bakteria zikitumiwa ovyo huzaa bakteria sugu, zikatutupa siku ya haja.

Rai yangu ni hii: kila muuzaji dawa aulize kabla ya kuuza. Ilianza lini? Hurudi wakati gani? Kuna joto? Kuna mwenye pumu katika ukoo? Nasi wazazi twende na majibu tayari. Maswali manne hayagharimu hata senti.