Jibu Analijua, Swali Halielewi

Sisi wazazi wa watoto wa shule za kata tuna neno, na tunalisema bila kumung'unya: watoto wetu wanaanguka mitihani ya Kidato cha Pili na cha Nne kwa maswali ambayo majibu yake wanayo. Muulize binti nyumbani kwa nini biashara ya watumwa ilikomeshwa, atakutajia sababu moja baada ya nyingine. Akilikuta swali hilohilo limeanza na 'account for', kalamu inasimama. 'Account' anayoijua ni ya benki na ya simu. Kwamba ikifuatwa na hako ka-'for' inageuka kuwa "toa sababu", hakuna aliyemkalisha chini akamwambia.

Vitazameni hivyo vitenzi: 'explain', 'describe', 'discuss', 'examine', 'analyse', 'elaborate', 'justify'. Katika karatasi ya Historia ya Kidato cha Nne vinapokezana mwaka hadi mwaka, na mara nyingi vyote vinadai kitu kimoja: utangulizi, hoja sita zilizofafanuliwa, hitimisho. Kama kinachotakiwa ni kilekile, mtoto anababaishwa kwa faida ya nani? Na pale vinapotofautiana kweli, tofauti hiyo ndiyo inayomponza. 'Mention' inataka ataje tu, asonge mbele; yeye anajaza ukurasa mpaka muda unamwishia. 'Explain' inataka vipi na kwa nini. Yeye anaorodhesha, anaambulia alama mbili. Halafu kuna 'state'. Kwenye Uraia amefundishwa kuwa ni dola. Kwenye Kemia ni hali ya maada, yabisi au kimiminika au gesi. Siku ya mtihani anaikuta imekaa mwanzoni mwa swali, na sasa maana yake ni "taja". Mtoto wa miaka kumi na minne, ambaye miaka saba yote ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili, atajuaje ni ipi kati ya hizo tatu?

Kwa Kiswahili mtoto huyuhuyu hatatiziki. Taja, orodhesha, bainisha, fafanua, jadili, linganisha: kila neno anajua linataka maelezo kiasi gani, maana ameyasikia tangu akiwa mdogo.

Walimu tunawaonea huruma. Wengi wanafundisha kwa Kiswahili ili waeleweke, kisha wanaandika notsi ubaoni kwa Kiingereza kwa sababu mtihani utakuja hivyo. Mtoto anaelewa somo kwa lugha moja na kukariri kwa nyingine. Mwenye uwezo anampeleka wake shule ya Kiingereza tangu chekechea, kwa ada ambayo sisi hatuna. Kisha wote wawili wanaketishwa mbele ya karatasi moja, na tunaambiwa mwenye akili atajulikana.

Baraza la Mitihani lenyewe, katika taarifa zake za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, huandika kwamba wengi walishindwa kutambua matakwa ya swali na kwamba Kiingereza chao ni dhaifu. Tunashukuru kwa ukweli huo. Lakini ukishalijua tatizo mwaka huu, mbona karatasi ya mwakani inakuja vilevile?

Wala si jambo la jana. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ianze kutumia Kiswahili, kuanzia Kidato cha Kwanza cha 1985; serikali ikakataa. Aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka huo leo ni mzazi kati yetu, huenda ni bibi. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka kuwa Kiswahili kitatumika ngazi zote. Tulishangilia. Toleo lake la 2023 likaiacha sekondari kwenye Kiingereza, na hakuna aliyetujia kutueleza kulikoni.

Tunajua tutajibiwa kwamba dunia inataka Kiingereza. Hata sisi tunakitaka! Tunataka kifundishwe kama somo, na mwalimu anayekijua, chenye vitabu na vipindi vya kutosha. Tunachokataa ni kukifanya kipimo cha Baiolojia na Jiografia. Na msituambie haiwezekani, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili huko huko sekondari. Mtoto anajadili Vita vya Maji Maji kwa lugha yake, na hakuna lililoharibika.

Tunaomba haya, na tunayaomba kwa Wizara na kwa Baraza. Chini ya kila swali la Kiingereza liandikwe lilelile kwa Kiswahili, kuanzia upimaji wa Kidato cha Pili. Mtahiniwa achague lugha ya kujibia. Wakati hilo linaandaliwa, kila shule ya kata ipewe orodha ya vitenzi hivyo na maana zake, mtoto afundishwe wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza, kabla hajaambiwa aanze kukariri. Na anayeeleza mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili fasaha, hatua kwa hatua, asihesabiwe kuwa hajui.