Changamoto ya Maji kwa Ajili ya Vijana Wetu



Kuna swali linatujia mara kwa mara. Je, inafaa mwanamke wa Kiislamu ajiwekee changamoto ya baharini, kuogelea masafa fulani au kupiga kasia, ili achangishe fedha za kuwasaidia vijana? Wengine wanauliza kwa hamu, wengine kwa kuguna. Msimamo wetu tunausema mapema: inafaa, na tungependa kuona wengi wakiifanya. Lakini ina adabu zake.

Vijana wetu hawako sawa

Kila mtaa una nyumba yenye kijana aliyejifungia chumbani, au aliyeacha skuli, au aliyeangukia kwenye unga. Wazazi wanaficha, majirani wananong'ona, na anayeumwa anabaki peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Ukitazama darasa la skuli zetu lenye watoto hamsini, hiyo ni kama saba humo humo. Si watoto wa watu wengine.

Msaada wanaouhitaji mara nyingi ni mdogo kuliko tunavyodhani: nauli ya kumfikisha kwa mshauri, gharama ya miezi kadhaa katika nyumba ya kuachia dawa za kulevya, mwalimu wa michezo, mahali salama pa kukaa baada ya laasiri.

Kuchanga hatufundishwi

Nani atatwambia sisi hatujui kuchanga? Harusi ikitangazwa, sare inanunuliwa, upatu unavunjwa, vyombo vinajaa sebuleni. Kwenye taarabu tunatoka mstari mzima kwenda kutunza. Hakuna anayelalamika, kwa sababu furaha ya mwenzetu ni yetu.

Kijana akiugua roho hatuchangi, na sababu si uchoyo. Ni kwamba hakuna anayetuita. Mwenye mtoto anaona haya kuomba, nasi tunaona haya kuuliza. Changamoto ya maji inavunja haya hiyo bila ya kumvunjia mtu heshima. Mwanamke mmoja anasimama na kusema: nitaogelea mita 1,000 kwa ajili ya vijana wa mtaa wetu, nani yuko nami? Mazungumzo yanaanzia kwake, si kwa mgonjwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila shoga anaahidi shilingi 500 kwa kila mita 50. Ukimaliza mita 1,000, kila mmoja anadaiwa shilingi 10,000. Mashoga arobaini ni shilingi 400,000. Wengi wetu tumetoa zaidi ya elfu kumi kwa kitambaa cha sare tulichokivaa siku moja.

Kwa nini maji?

Mtu anaweza kutembea au kupika akachangisha vilevile, na ni kheri. Lakini maji yana maana yake kwetu. Sisi ni watu wa visiwa. Mama zetu wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanawake wa pwani wamekwenda pwezani tangu enzi za bibi zao. Na bado wengi wao maji yakifika kifuani wanarudi, kwa sababu hawakufundishwa kuogelea. Nenda Forodhani jioni. Wavulana wanajirusha kutoka ukutani, wasichana wanatazama.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 tuliipoteza MV Spice Islander I ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikafuata MV Skagit. Hatusemi kuogelea kungewaokoa wote, Allah awarehemu. Tunasema kwamba kuiogopa bahari na kutoijua ni mzigo ambao binti wa kisiwani hapaswi kurithishwa. Binti anayejua kuelea juu ya maji, akavuta pumzi akatulia, amepata kitu kitakachomfaa hata nchi kavu, siku moyo wake unapokwenda mbio.

Na jambo hili si geni kwetu. Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili mzima. Picha zao zilitambuliwa katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018, na wengi duniani walishangaa. Sisi tulijiuliza cha kushangaza ni kipi. Dini yetu haikutukataza maji.

Stara kwanza

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tunayavalia. Burkini iliyobuniwa na Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia, mwaka 2004, imerahisisha mambo. Asiyekuwa nayo, fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona vazi pana la kitambaa kisichong'ang'ania mwili wala kunyonya maji mengi. Baibui na kanga zinazoelea ni hatari. Zinafunga miguu.

Chagueni saa na pahala. Baada ya sala ya alfajiri pwani nyingi huwa tupu. Fundisheni wanawake kwa wanawake. Na picha za mtu aliyelowa hazina haja ya kuzunguka kwenye simu za watu. Tumeni idadi ya mita, inatosha.

Anayesema mwanamke na michezo wapi na wapi tunamkumbusha kwa upole kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na kwamba ametufunza kuwa mwili una haki yake juu yetu.

Riya na amana

Wasiwasi huu tunauheshimu zaidi kuliko ule wa mavazi: je, si kujionesha? Suratul Baqara, aya ya 271, inatufundisha kuwa sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri kwa mafakiri ni bora zaidi. Katika changamoto hii zote mbili zina nafasi. Anayeogelea anaonekana, kwa sababu lazima awaite wenzake. Anayetoa si lazima aonekane. Kwa hiyo tusitangaze nani katoa kiasi gani, na tusimsute aliyetoa kidogo. Muogeleaji naye aitazame nia yake kila asubuhi, maana nia hugeuka kama upepo.

Fedha ni amana. Kabla ya kuomba shilingi moja, semeni zinakwenda wapi. Wekeni wanawake wawili wa kushika hesabu, na baada ya kazi toeni taarifa: zimeingia kiasi hiki, zimetoka kiasi hiki. Na sura wala jina la kijana anayesaidiwa lisitumike kuwalainisha watu nyoyo. Ameshaumia. Tumsitiri.

Usiende peke yako

Allah ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Basi anayeanza aanze kwenye maji ya kifua, sambamba na ufukwe, siyo kuelekea nje. Asubiri malelezi, upepo unapotulia baina ya kusi na kaskazi. Akwepe siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu mkondo huwa na nguvu. Maji mafu ya katikati ya siku hizo ni mapole zaidi. Awe na mvuvi mwenye kuyajua maji pale pale, mtu karibu na ngalawa au mtumbwi, na jaketi la kujiokolea. Mwenye mimba, pumu au maradhi ya moyo amuone daktari kwanza. Changamoto ni yako, haishindani na ya mtu. Kwa mmoja ni mita 1,000, kwa mwengine ni kutia uso majini kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na tano. Wote wawili wachangiwe.

Neno kwa bibi harusi

Wewe unayesubiri siku yako, watu wako tayari kukutolea kuliko wakati wowote wa maisha yako. Singo iwepo, hina iwepo, somo wako akufunde. Lakini katika zile shughuli nyingi zinazoongezwa kila mwaka, punguza moja. Waite mashoga zako asubuhi moja pwani, jifunzeni kuelea, na kile ambacho kingekwenda kwenye sare ya tatu kiende kwa vijana. Inshaallah mtoto utakayemzaa kesho atakua katika mtaa ambao ulianza kuutengeneza kabla hujaingia nyumbani kwako.

Allah atutakabalie, awaponye vijana wetu na awape faraja wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.