Gari Kwenda Sawa Si Ushahidi

Wenye magari wengi huamini kwamba gari lisilovuta upande mmoja halina haja ya kupimwa alaimenti. Imani hiyo ni potofu, na yafaa isahihishwe tangu darasani.

Kupima alaimenti ni kuhakikisha kwamba magurudumu yamekaa katika pembe zilizoagizwa na mtengenezaji. Tuchukue gari ambalo magurudumu yake mawili ya mbele yameelekea ndani, kila moja likizidisha digrii 1. Gurudumu la kushoto husukuma kulia, na la kulia husukuma kushoto. Nguvu hizo zikiwa sawa hubatilishana, gari likaenda moja kwa moja, na dereva asiwe na la kulalamikia. Lakini matairi yanaumia. Sini ya digrii 1 ni takriban 0.0175, kwa hiyo katika kila kilomita 1, kila tairi ni kama limeburutwa kando meta 17 na zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita 190 hivi, jumla yake hupita kilomita 3.

Ndiyo sababu kingo za nje za matairi hayo hulika upesi. Tairi lililolika halina mifereji ya kutolea maji, na barabara ikilowa hupoteza mshiko. Hapo suala si fedha tena, bali ni uhai wa abiria.

Tumezoea kufundisha sini kwa kukadiria vimo vya miti na minara, ilhali gari la shule limeegeshwa nje ya darasa. Lisimamishwe mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Wanafunzi watie alama ya chaki katikati ya uso wa kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, kisha wapime umbali kati ya alama hizo. Gari lisukumwe polepole, mwalimu akiwa kwenye breki, hadi alama zifike upande wa nyuma kwa kimo kile kile, wapime tena. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 600, magurudumu yaliyoelekea ndani digrii 1 kila moja yataleta tofauti ya milimita 21 hivi. Kurekebisha ni kazi ya fundi mwenye vipimo vya mtengenezaji.

Mwanafunzi aliyepima hivyo hatasadiki tena kwamba gari ni zima kwa kuwa tu usukani umetulia.